Mechi 20 na Shingo ya Steve Moore

Mwenyekiti, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilizungumzia jambo hili, na mlipoliona jina langu kwenye ratiba bila shaka mlijua kwamba nitaanzia Vancouver. Naanzia huko huko, kwa sababu kila ninaposoma kwamba NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, imemfungia mchezaji mechi mbili au tatu kwa kumpiga mwenzake kichwani, naliona kosa la mwaka 2004 likirudiwa. Hoki ya barafuni mnaijua, kwa hiyo sitaieleza. Tumeulizwa kama adhabu za kuwafungia wachezaji wanaofanya vurugu za hatari ni za haki. Mimi nasema si za haki, na dhuluma yake haimwangukii aliyeumizwa peke yake, bali humwangukia hata aliyeumiza.

Tarehe 16 Februari 2004, Steve Moore wa timu ya Colorado, kijana wa miaka 25 aliyekuwa bado anaitafuta nafasi ya kudumu katika ligi, alimpiga kikumbo Markus Naslund, nahodha wa timu ya Vancouver, wakati nahodha huyo amejinyoosha mbele na kichwa chake kiko chini. Waamuzi hawakutoa adhabu. Ligi ikalitazama tukio hilo na haikumfungia Moore hata mechi moja, ingawa Naslund alikaa nje mechi 3 kwa mtikisiko wa ubongo. Wachezaji wa Vancouver wakasema hadharani kwamba Moore atalipa. Timu hizo zilipokutana Denver, nyumbani kwa Colorado, tarehe 3 Machi, Kamishna wa ligi Gary Bettman alikuwa uwanjani na mechi ikaisha kwa utulivu. Zilikutana tena Vancouver tarehe 8 Machi. Kipindi cha kwanza Moore alipigana ngumi na Matt Cooke, jina ambalo naomba mlishike, na kwa desturi ya mchezo huo deni lilikuwa limelipwa. Kipindi cha tatu, Colorado ikiongoza kwa mabao 8 kwa 2, Todd Bertuzzi wa Vancouver alimfuata Moore kwa nyuma, akamvuta jezi, na Moore alipokataa kugeuka akampiga ngumi ya ubavu wa kichwa, kisha akamwangukia kwa uzito wake wote hadi uso wa Moore ukagonga barafu, na wachezaji wengine wakaanguka juu yao. Pingili 3 za shingo zilivunjika. Moore alitolewa kwa machela, na tangu usiku ule hakucheza tena NHL.

Sasa hesabuni pamoja nami. Bertuzzi alifungiwa kwa muda usiojulikana, maneno ambayo yanasikika kuwa mazito sana. Alikosa mechi 13 zilizobaki za msimu na mechi 7 za mtoano, jumla mechi 20. Baada ya hapo ukaja mgogoro wa mishahara uliofuta msimu mzima wa 2004-05, ambao hakuna mchezaji yeyote wa ligi hiyo aliyeucheza, na tarehe 8 Agosti 2005 akaruhusiwa kurudi. Kila ninapolisema hili husimama mtu akaniambia kwamba Bertuzzi alikaa nje miezi 17. Ndiyo, alikaa miezi 17, lakini sehemu kubwa ya miezi hiyo alikuwa amekaa nje pamoja na nyota kama Steve Yzerman, pamoja na Joe Sakic, pamoja na kila mtu asiye na kosa! Siku ambazo milango ilikuwa imefungwa kwa wote haziwezi kuhesabiwa kuwa adhabu ya mmoja. Mwingine hunikumbusha kwamba alipoteza mshahara wa dola zaidi ya 500,000, kwamba mahakama ya British Columbia ilimpa mwaka mmoja wa uangalizi na saa 80 za kuitumikia jamii baada ya kukiri kosa la shambulio, na kwamba kesi ya madai ilimalizwa kwa mapatano mwaka 2014. Yote hayo ni kweli, lakini miaka 10 ya kusubiri mapatano haikuwa kazi ya ligi, na swali langu ni juu ya ligi.

Hata hivyo, kosa kubwa zaidi la ligi lilitangulia lile la Bertuzzi. Lilitendeka Februari, pale kikumbo cha kichwani kilipopita bila adhabu. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Kama Moore angefungiwa mechi chache kwa kitendo chake, wachezaji wa Vancouver wasingekuwa na deni la kudai kwa mikono yao, na naamini Moore angekuwa na shingo nzima na Bertuzzi asingeandamwa na usiku mmoja maisha yake yote. Kwa hiyo anayesema kwamba adhabu nyepesi ni huruma kwa mchezaji hajakifikiri kisa hiki hadi mwisho.

Huwa naambiwa pia kwamba hoki ni mchezo wa mabavu na kila anayevaa viatu vile vya barafuni amekubali kuumia. Amekubali kikumbo cha bega kifuani anapokuwa na kisahani cha mchezo. Hakukubali kupigwa kwa nyuma, wala hakukubali gongo la kichwa kama alilopigwa mchezaji Donald Brashear na mpinzani wake Marty McSorley tarehe 21 Februari 2000, zikiwa zimebaki sekunde zisizofika 3 mechi iishe. Mahakama haikuiona hoja hiyo ya kukubali kuwa na uzito, kwani McSorley alipatikana na hatia ya kushambulia kwa silaha.

Kuna wanaopendekeza kwamba aliyeumiza akae nje hadi aliyeumizwa apone. Naielewa hasira yao, lakini siungi mkono, kwa sababu pendekezo hilo humfanya hakimu kuwa bahati: watu wawili hutenda kosa lile lile, mmoja anakutana na kichwa kigumu na mwingine anakutana na kichwa kilichowahi kuumia. Kinachopaswa kupimwa ni tendo lenyewe, na lipimwe hata siku ambayo aliyepigwa ameinuka akijifuta theluji.

Hapa ndipo linaporudi jina la Matt Cooke. Machi 2010, akiwa Pittsburgh, alimkumba Marc Savard wa Boston kichwani kutoka upande ambao Savard hakuweza kumwona. Hakupewa adhabu wala hakufungiwa, kwa maelezo kwamba kanuni za wakati ule hazikukataza kikumbo cha namna hiyo. Savard alijaribu kurudi, na Januari 2011 alicheza mechi yake ya mwisho. Ligi ilitunga Kanuni ya 48 juu ya vikumbo vya kichwani baada ya Savard kuumia. Machi 2011 Cooke alimpiga kiwiko Ryan McDonagh, na safari hii alifungiwa mechi 10 pamoja na raundi nzima ya kwanza ya mtoano, ambayo kwa Pittsburgh ilikuwa mechi 7. Msimu uliofuata alicheza mechi zote 82, na dakika zake za adhabu, yaani muda wa kutolewa nje kwa makosa ndani ya mechi, zikashuka kutoka 129 hadi 44. Simfanyi mtakatifu, kwa maana mwaka 2014 alifungiwa tena mechi 7 kwa kumgonga Tyson Barrie goti. Lakini nawauliza wanaosema kwamba kufungia hakumbadilishi mtu: dakika zile 85 zilikwenda wapi?

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, nami nina mambo mawili ambayo nitayagusa tu. La kwanza ni rufaa. Tom Wilson wa Washington, akiwa tayari amefungiwa mara tatu katika muda mfupi, alifungiwa mechi 20 mwaka 2018 kwa kumkumba Oskar Sundqvist. Msuluhishi huru akazipunguza hadi 14 wakati Wilson amekwisha kukosa mechi 16. Kama adhabu ilikuwa ya haki, ilipunguzwa kwa nini? Kama haikuwa ya haki, nani atamrudishia mechi zile 2? Rufaa inayosikilizwa adhabu ikiwa imekwisha kutumikiwa haimsaidii mtu yeyote.

La pili ni fedha. Mei 2021 Wilson huyo huyo alimpiga Pavel Buchnevich aliyekuwa amelala barafuni, akatozwa faini ya dola 5,000. Timu ya New York Rangers ilipotoa taarifa ya kulalamika na kusema kwamba mkuu wa Idara ya Usalama wa Wachezaji hafai, ilitozwa dola 250,000.

Mkataba wa hali bora kati ya ligi na chama cha wachezaji unaeleza kwa makini haki za mshtakiwa, na katika shauri chama kinakuja kumtetea yeye, kama inavyostahili. Aliyelala hospitalini naye anakilipia chama hicho ada, na katika shauri hilo hana msemaji. Steve Moore alikuwa mwanachama.