Kugeuza DVD iliyo kwenye hadi diski (hard disk) iwe faili moja la MP4

Habari zenu, karibuni. Leo tunashughulikia zile DVD ulizonakili kwenye hadi diski miaka iliyopita, na sasa ukitaka kuzitazama kwenye simu zinakataa kufunguka.

Kabla ya kugusa chochote, fungua hadi diski yako uingie kwenye folda inayoitwa VIDEO_TS. Angalia kioo changu. Kuna aina tatu za mafaili. Haya makubwa yanayoishia na VOB ndiyo yenye picha na sauti. Haya madogo ya IFO ni ramani: yanaeleza filamu inaanzia wapi, sura zake ni zipi, lugha zipo ngapi. Na BUP ni nakala ya akiba ya IFO, basi.

Sasa tazama ukubwa wa VOB. VTS_01_1, VTS_01_2, VTS_01_3, zote zinakaribia GB 1, halafu ya mwisho ni ndogo. Hizo si filamu nne. Ni filamu moja iliyokatwa vipande, kwa sababu kanuni ya DVD hairuhusu faili la VOB kuzidi GB 1. Kisu hakiangalii mtu anaongea au amenyamaza, kinapita popote. Kwa hiyo tafadhali sana, usigeuze VOB moja moja. Niliwahi kuletewa video ya harusi iliyogeuzwa hivyo, folda ya asili imeshafutwa, na kiapo cha bibi harusi kimekatika katikati ya neno. Sikuweza kukirudisha.

Tunatumia programu ya HandBrake. Ni ya bure, na ipo kwa Windows, Mac na Linux. Ifahamike kwamba haifungui DVD zenye kinga ya kunakiliwa; tunazungumzia rekodi zako mwenyewe.

Ifungue, kisha shika folda nzima ya VIDEO_TS, iburute, uiachie kwenye dirisha la HandBrake. Folda nzima, siyo faili. Subiri isome ile ramani.

Ikimaliza, nenda palipoandikwa Title. Ukikuta orodha ndefu usishtuke, angalia muda. Yenye saa moja na dakika kadhaa ndiyo filamu yenyewe. Za sekunde chache mara nyingi ni vionjo vya menyu.

Upande wa Preset, yaani mipangilio iliyo tayari, chagua kulingana na ukubwa wa picha yako kwa nukta. Kama ni 720 kwa 576, yaani mfumo wa televisheni wa PAL, chukua Fast 576p25. Kama ni 720 kwa 480, yaani mfumo wa NTSC, chukua Fast 480p30. Usiivute hadi 1080 ukitarajia ing'ae zaidi. Nukta ambazo kamera haikuzichukua haziwezi kuzaliwa hapa. Utapata faili zito tu.

Tuje kwenye Filters, na hapa naomba utulie. Video nyingi za DVD, hasa zilizopigwa kwa kamera za kanda, kila picha imehifadhiwa nusu mbili: mistari ya witiri na mistari ya shufwa, na nusu hizo zimepigwa kwa nyakati mbili tofauti kidogo. Televisheni za zamani zilionyesha hivyo hivyo bila tatizo. Kompyuta inazibandika pamoja, na mtu akipunga mkono unaona mkono wake una meno kama kitana. Ukiyaacha meno hayo yakaingia kwenye MP4, kuyatoa baadaye ni kazi ngumu mno. Kwa hiyo hakikisha kichujio cha Deinterlace kimewekwa Decomb. Hicho hushughulikia picha zenye meno tu, zilizo safi kinaziacha.

Kwenye Video, sogeza kipimo cha ubora, RF, kiwe kati ya 18 na 22. Kumbuka namba ikishuka ubora unapanda, na faili linakua. Kwa kumbukumbu za familia mimi naweka 18 bila kusita. Kwenye Audio, hakikisha umechagua lugha unayoitaka.

Usianze kugeuza filamu nzima bado. Pale kwenye Range badilisha kutoka Chapters uweke Seconds, andika 600 hadi 660. Chagua pa kuhifadhi, na pawe nje ya VIDEO_TS, kisha bonyeza kitufe cha kijani cha kuanza. Utapata dakika moja ya majaribio. Itazame watu wakiwa wanatembea: kuna meno? Nyuso zimenenepa au kurefuka? Ikiwa mambo ni sawa, rudisha Range kwenye Chapters, kuanzia sura ya kwanza hadi ya mwisho, lipe faili jina jipya, anza tena. Sasa iache ifanye kazi. Kama una DVD kumi, zipange zote kwenye foleni ulale.

Ikimaliza, fungua MP4 yako kwenye simu. Tazama mwanzo, ruka katikati, halafu nenda dakika tano za mwisho uangalie midomo na sauti. Sauti ikiwa inateleza kidogo kidogo, mwanzoni hutaiona. Itajidhihirisha huko mwishoni. Midomo ikilingana na maneno hadi hapo, nakili MP4 kwenye hadi diski ya pili, ndipo ufikirie kufuta ile folda ya VIDEO_TS.