Penseli mezani: mazungumzo ya jioni na vijana wa ujenzi, Dodoma

Mbukwenyi! Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Nyie vijana wa nyuma sogeeni huku, feni inayofanya kazi ni hii moja tu, na nitaihitaji baadaye kidogo.

Nimeombwa nizungumze juu ya majengo marefu, na kwanza niseme ukweli: mimi si mhandisi. Nimekuwa nyapara wa saiti, na jengo refu kuliko yote niliyowahi kusimamia lilikuwa la ghorofa nne. Lakini tupo watu sita hapa mjini, mmoja fundi nondo, mmoja anauza mbao eneo la Majengo, ambao kwa miaka kadhaa tulifuatilia mnara mmoja wa New York kwa picha za simuni, mpaka ulipofika kileleni mwaka 2019. Mama watoto alikuwa akiniuliza, "Baba, mna hisa huko?" Hisa! Hatuna hata bawaba ya dirisha.

Mnara wenyewe uko mtaa wa 57, kusini mwa ile bustani kubwa ya Central Park. Unaitwa Steinway Tower, kwa kuwa chini yake lipo jengo la zamani la mwaka 1925 la watengeneza piano wa jina hilo. Una mita 435, ghorofa 84, na humo ndani zimo nyumba za kuishi zipatazo 60 tu. Mtaa huohuo upo Central Park Tower wenye mita 472, ambao kwa majengo ya makazi peke yake umeupita. Burj Khalifa ya Dubai yenye mita 828 msiilete hapa, ile imechanganya hoteli, ofisi na nyumba.

Kwa hiyo kwa nini tukaacha mrefu zaidi tukashikilia huu? Nitawaonyesha. Nani ana penseli mpya, ambayo haijachongwa? Asante, mwanangu. Nasimamisha hapa mezani... imekubali. Mnara ule chini una upana wa kama mita 18. Gawanya 435 kwa 18, unapata 24 na ushee. Penseli hii nayo urefu wake ni kama mara 24 au 25 ya unene wake. Basi mnaouona hapa mezani ndio wembamba wa jengo lile, ila lile watu wanalala ndani.

Wengi wetu tukiangalia ghorofa refu tunawaza uzito: nguzo zitabebaje? Nami niliwaza hivyo. Uzito si jambo dogo, lakini unajulikana, unashuka chini, na mwamba wa Manhattan ni mgumu. Zege la mnara ule lina nguvu karibu mara nne ya hili letu la daraja la 25. Shida iko kwingine. Naomba washa feni. Namba moja tu.

(Penseli ikaanguka, ikaviringika mpaka miguuni kwa mzee mmoja wa mstari wa mbele.)

Umeona, mzee wangu? Hakuna aliyeiongezea uzito.

Upepo watu wa Dodoma hatufundishwi. Mwezi wa nane unajua mwenyewe, vumbi mpaka ndani ya sufuria. Sasa mmewahi kusimama chini ya nyaya za umeme upepo ukivuma, mkasikia zinaimba? Uimbaji ule ndio adui wa mnara. Upepo ukipita kwenye kitu chembamba haupiti kimya. Unajikunja nyuma yake vimbunga vidogovidogo, kimoja kushoto, kimoja kulia, kwa zamu. Kila kimoja kinavuta upande wake. Kwa hiyo upepo unatoka mbele, lakini jengo linayumba ubavuni. Na zamu zile zikiendana na mwendo wa asili wa jengo lenyewe, ni kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa kila anaporudi.

Dawa ni kuuchanganya upepo usipate zamu. Mnara wa 432 Park Avenue, mita 426, umeacha ghorofa wazi, hazina vioo, upepo unapita katikati kama kwenye banda la kuku. (Ghorofa yake ya juu imeandikwa 96, lakini tulipohesabu hazifiki hapo, wauza nyumba nao wana hesabu zao.) Steinway wao wamepunguza umbo ngazi kwa ngazi kuelekea juu, na mashariki na magharibi wakasimamisha kuta mbili nzito za zege. Kisha kileleni wakaweka mzigo wa tani 800, tuseme malori 27 ya tani 30, ambao jengo likienda kushoto wenyewe unachelewa na kulivuta kulia. Kazi yake si kuzuia jengo lisianguke. Ni kumzuia tajiri asipate kichefuchefu kitandani.

Haya yote hatukuyasoma kwanza. Tulianza kwa winchi. Kila asubuhi picha ikija, mkono wa winchi umeelekea pengine. Yule wa mbao akashikilia kwamba wana zamu ya usiku. Siku nyingi tulimwamini! Kumbe winchi ikimaliza kazi, breki ya kuzungukia inaachiwa makusudi, ifuate upepo yenyewe kama jogoo wa bati juu ya paa. Ukiifunga, inapigwa ubavu. Na hata hivyo upepo haubembelezeki: Oktoba 29, 2012, kimbunga Sandy kilipopiga, mkono wa winchi kwenye jengo jingine la mtaa huohuo wa 57 ulipinduka kinyumenyume ukabaki unaning'inia juu ya barabara.

Kitu cha pili tulichojifunza kutazama ni mirunda, zile nguzo za muda zinazoegemeza slabu mpaka zege likomae. Wenzetu wale ghorofa moja wanaimaliza kwa siku chache, na sisi tulishangaa, zege si linataka siku 28 likomae? Tazama picha vizuri: chini ya ghorofa mpya, ghorofa kadhaa bado zimeegemezwa. Hilo lilinichoma. Miaka ya nyuma, kwenye saiti moja ambayo sitaitaja, mwenye nyumba alitaka mirunda yake ikafanye kazi kwingine, nami nikakubali kuitoa siku ya tisa. Asubuhi yake tulivuta kamba ukuta kwa ukuta. Katikati slabu ilikuwa imeshuka vidole viwili. Hakuna aliyeumia, tukavunja tukamwaga upya. Dar es Salaam, Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 la mtaa wa Indira Gandhi lilipoanguka likiua watu zaidi ya 30, nilikaa na redio sikula.

Swali? Ndiyo, dada wa kitambaa cha kijani. Winchi inashukaje?

Umeniuliza swali lililotukosesha usingizi. Kupanda ni rahisi kueleza: jeki inainua kichwa cha winchi, kipande kipya cha mnara wake kinaingizwa chini, inajirefusha. Lakini jengo likishaupita urefu wa kila kitu, nani ataishusha? Winchi kubwa inapandisha ndogo, inaiweka juu ya paa. Ndogo inaifungua kubwa kipande kwa kipande na kukishusha mtaani. Halafu ndogo nayo inapandisha iliyo ndogo zaidi, inayokuja kuifungua yenyewe. Ile ya mwisho kabisa mafundi wanaifungua kwa spana, wanabeba vyuma mabegani, wanaingia navyo kwenye lifti, wanabonyeza ghorofa ya chini.