"Nzuri Tu, Daktari": mafao ya ulemavu na watu wanaojikaza

MWANAIDI: Karibuni tena jamani. Leo tunaongelea mafao ya ulemavu, yaani mtu alikuwa anapiga kazi zake, anakatwa michango kila mwezi, halafu siku moja mwili unagoma. Sasa serikali inamlipa nini, na inamlipa lini. Mi Mwanaidi, niko na kaka Juma.

JUMA: Niko dada, ingawa sauti imekauka, mafua haya, wasikilizaji mnivumilie.

MWANAIDI: Pole. Naanza na ba'mdogo wangu maana hii mada kaileta yeye. Dereva wa malori, miaka ishirini na kitu kwenye usukani, mgongo ukamshinda. Diski mbili zimetoka mahali pake zinabana mshipa wa fahamu, mguu wa kushoto unakufa ganzi, kuendesha hawezi, hata kukaa nusu saa ni shughuli. Soksi anavaa akiwa kalala chali. Akaomba mafao, akapigwa chini.

JUMA: Walitoa sababu?

MWANAIDI: Barua fupi tu, na ule mstari wenyewe unasema kumbukumbu za matibabu zinaonyesha hali ya mwombaji ni nzuri. Tukabaki tunaangaliana, nzuri ya wapi? Tukaomba nakala ya faili. Bwana we! Kumbe kila akiingia kwa daktari anaulizwa "mzee, unaendeleaje", na yeye anajibu "nzuri tu daktari, nashukuru Mungu". Na daktari anaandika! Nimehesabu mwenyewe, mara saba kwenye lile faili, "mgonjwa anasema anaendelea vizuri".

JUMA: (anacheka) Dah, samahani, sicheki yeye.

MWANAIDI: Cheka tu, hata yeye alicheka, baadaye sana.

JUMA: Ila hapo ndo penyewe. Watu wanadhani mafao yanalipwa kwa sababu unaumwa, na siyo. Unaweza kuwa na ugonjwa wenye jina refu halitamkiki na usipate kitu, kwa sababu wanachopima ni kazi unayoweza kuifanya bado. Chukua Ujerumani, pale wanauliza masaa. Ukiweza kufanya kazi chini ya masaa 3 kwa siku unapata pensheni kamili, kuanzia 3 mpaka chini ya 6 unapata nusu, ukiweza 6 na kuendelea hupati. Na hawasemi kazi yako, wanasema kazi yoyote ya kawaida kwenye soko la ajira, labda uwe umezaliwa kabla ya mwaka 1961, hao wana kinga yao kidogo.

MWANAIDI: Kwa hiyo dereva anaambiwa sawa, lori limekushinda, kakae getini uandikishe wageni.

JUMA: Ndo hivyo. Na Uholanzi wao wanakuja na kikokotoo. Miaka 2 ya kwanza mwajiri ndo anakulipa ukiwa mgonjwa, angalau asilimia 70 ya mshahara, baada ya hapo wanapima kwa hali uliyonayo ungeweza kuingiza kiasi gani kwenye kazi nyingine, wakikuta umepoteza chini ya asilimia 35 ya kipato basi ule mfuko haukuhusu. Marekani ndo wagumu zaidi kwa maoni yangu, hakuna nusu, ama unaweza ama huwezi, na hiyo hali iwe imedumu au inatarajiwa kudumu miezi 12, au ya kukupeleka kaburini. Na hata ukikubaliwa, kuna miezi 5 kamili ya kusubiri tangu ulemavu uanze ambayo hailipwi.

MWANAIDI: Miezi mitano unakula nini?

JUMA: Hakuna anayekuuliza. Halafu bima yao ya matibabu, ile ya Medicare, unaisubiri miezi 24 mingine tangu mafao yaanze. Mwaka 2020 ndo wakaondoa ile miezi 5 kwa wagonjwa wa ALS, ule ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaolemaza misuli yote, maana wengine walikuwa wanakufa bado wako kwenye foleni. Na wengine wengi bado wanasubiri vilevile.

MWANAIDI: Mi hapo sijawahi kuelewa. Mfuko umeundwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kufanya kazi halafu unamtaka awe na akiba ya mtu anayefanya kazi.

JUMA: Nadhani ni woga. Tangu mwanzo walikuwa na woga. Rais wao Eisenhower aliposaini ile sheria ya mafao ya ulemavu mwaka 1956 ilikuwa kwa wenye miaka 50 mpaka 64 tu, kijana wa miaka 30 akikatika miguu shauri yake, mpaka 1960 ndo wakaondoa umri. Na Wajerumani walishaanza kulipa pensheni ya kushindwa kazi tangu sheria ya kansela wao Bismarck ya mwaka 1889! Ile watu wanaikumbuka kwa pensheni ya wazee, wakati ya uzee ilikuwa mpaka ufike miaka 70, na kwa miili ya wafanyakazi wa enzi zile wengi walikuwa hawafiki.

MWANAIDI: Sasa turudi kwa ba'mdogo, maana kuna swali lingine walimuuliza likatutoa jasho kuliko yote. Ameumia kazini au nje ya kazi?

JUMA: Hapo sasa. Hiyo ni mifuko miwili tofauti sehemu nyingi. Tanzania kwa mfano, ukiumia kazini au ukipata ugonjwa kutokana na kazi unaenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulianza kazi mwaka 2015, mchango analipa mwajiri peke yake, wewe hukatwi hata senti. Wanapima ulemavu wa kudumu kwa asilimia, ukizidi 30 unalipwa pensheni kila mwezi, 30 kushuka chini unapewa mkupuo mmoja mnaagana. Ila ukianguka kwako bafuni, hiyo ni habari ya mfuko wako wa hifadhi ya jamii, na huko wanaangalia kwanza umechangia miezi mingapi. Kenya nako ile sheria ya mwaka 2007 ya majeraha ya kazini imembebesha mwajiri, ndo anatakiwa kukata bima.

MWANAIDI: Na malipo hayalingani.

JUMA: Hayalingani, na hata kimataifa iko hivyo. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unaweka kiwango cha chini kabisa, mtu mwenye mke na watoto wawili akipata ulemavu wa kawaida ni asilimia 40 ya mshahara wa kupigia hesabu, ukiwa umetokana na kazi ni 50. Mguu ni uleule, ulipokatikia ndo panaleta tofauti.

MWANAIDI: Sasa mgongo wa dereva unakatikia wapi? Fomu ina kijisanduku "tarehe ya ajali". Ba'mdogo akaniangalia akasema, mwanangu, niandike tarehe gani, huu umeisha kidogo kidogo kwenye rasta za barabarani. Hakuna siku uliyovunjika. Mwisho tuliacha njia ya fidia tukaenda ya pensheni, sijui kama tulifanya sawa.

JUMA: Walau michango yake ilikuwa haijapoa. Maana watu wanaanguka sana hapo, mtu anaumwa anaacha kazi, anajitibu miaka minne nyumbani anasema nikipona narudi, anakuja kuomba anaambiwa umechelewa. Ujerumani wanataka uwe umechangia miaka 5, na 3 kati yake iwe ndani ya miaka 5 ya mwisho kabla hujashindwa. Marekani ukishapita umri wa miaka 31 kwa kawaida wanataka kama miaka 5 ya kazi ndani ya 10 ya mwisho. Ni bima, na bima ukiacha kulipia inakata kimyakimya.

MWANAIDI: Yeye aliomba mapema kwa sababu mama mdogo hakumpa nafasi ya kujikaza. Na mama mdogo ndo aliyeiokoa ile rufaa. Alichukua daftari la shule la mtoto, kurasa za nyuma zilizobaki, akawa anaandika kila siku. Ninalo hapa, nisome kidogo, ngoja... "Jumanne. Kaamka saa tisa usiku, kasimama dirishani mpaka adhana. Mezani kakaa dakika 12. Kadondosha kikombe, hakuinama kuokota, kaniita." Ukurasa mwingine, "Ijumaa. Leo nafuu. Katembea mpaka kona na kurudi. Jumamosi hakutoka kitandani."

JUMA: Hiyo ya Ijumaa na Jumamosi ni dhahabu hiyo. Mpimaji angemkuta Ijumaa angeandika anatembea.

MWANAIDI: Tukampelekea daktari daftari zima. Akalisoma mpaka mwisho, kimya, akasema mzee, mbona haya hujawahi kuniambia? Ba'mdogo anajibu "hukuniuliza, uliniuliza naendeleaje". Akaandika ripoti mpya, safari hii ya namba: anaweza kukaa dakika ngapi, kusimama dakika ngapi, kunyanyua kilo ngapi, mara ngapi kwa wiki analala kutwa. Jina la ugonjwa lilikuwa lilelile la mwanzo. Na siku za rufaa zilikuwa zimebaki nne, maana barua ya kukataliwa alikuwa kaificha chini ya godoro kwa aibu.

JUMA: Jamani, barua haifichwi. Na saa yenyewe haikusubiri upoe hasira. Marekani wanakupa siku 60, kwingine chini ya hapo. Akapata?

MWANAIDI: Akapata, baada ya miezi kumi na moja, pensheni ya mwezi mwezi. Yeye alitaka mkupuo, anasema kiinua mgongo.

JUMA: Na mgongo wenyewe hauinuki!

MWANAIDI: Ndo utani wake huo huo kila siku. Sasa mwezi uliopita wakampigia, maana wanapitia upya mara kwa mara kuona kama umepona. Simu iko spika, tuko wote sebuleni. Yule dada kwa adabu kabisa, "Shikamoo mzee, unaendeleaje?" Nikamwona ba'mdogo anafungua mdomo, "Nz...", mama mdogo kamkazia macho mpaka mi mwenyewe nikaogopa.

JUMA: Akasemaje?

MWANAIDI: "Marahaba mwanangu. Mguu wa kushoto hausikii, kukaa ni dakika kumi, jana sikutoka kitandani." Kanyamaza kidogo. "Ila mengine yote nzuri tu."