Kamba Hahesabiwi kwa Ndoo

Nimepewa dakika ishirini nizungumzie kuhesabu kamba wa maji baridi, na naona wenyeji mmeshaanza kutabasamu: huyu tena na dema lake. Ndiyo, nimekuja nalo, mtego huu wa kunasia kamba. Shikeni, mlizungushe mkono kwa mkono.

Tazameni matundu yake. Kamba wa ukubwa wa kidole gumba anaingia, anadonoa chambo, anatoka. Mkubwa akiingia, habanduki. Na mkubwa akiwamo, mdogo hathubutu kukaribia, maana hawa hulana wao kwa wao. Asubuhi unamimina kwenye ndoo, unakuta madume yenye koleo nene, unaandika kwenye ripoti: "Kamba wengi ni madume." Majike wako wapi? Jike mwenye mayai amejichimbia shimo ukingoni. Mayai mamia yameng'ang'ania vimiguu chini ya mkia wake, na chambo chako hakitaki.

Utaniambia, basi tusihesabu. Sikusema hivyo, mzee wangu! Hesabu kila mwezi, mahali palepale, kwa dema lilelile, na upitishe wavu wa mkono kwenye majani upate wale wadogo. Mimi mwenyewe niliwahi kwenda mara moja tu, wakati wa kiangazi, nikaandika kwamba kamba wanaisha. Maji yalikuwa yameshuka tu. Kamba walikuwa kwenye matope niliyosimama juu yake, na mvua ziliponyesha, wakatoka kuniaibisha.

Sasa Ziwa Naivasha, la Kenya. Kamba mwekundu wa Louisiana aliingizwa ziwani mwaka 1970 ili uvuvi upanuke. Kwa muda ulipanuka kweli, hadi akasafirishwa Ulaya. Lakini alikuta mayungiyungi na majani ya chini ya maji, akayala. Kufikia 1983 majani hayo hayakuonekana tena ziwani. Kisha kamba naye akapungua, kwa sababu alishamaliza sahani. Ukipima mwaka ule kamba alipopungua peke yake utasema ziwa limepona. Majani yakarudi, na kamba naye akayafuata. Ndiyo maana nachukizwa na ripoti ya mwaka mmoja! Inakuonyesha upande mmoja wa bembea, halafu unaambiwa bembea imesimama.

Kuna ndugu kila mara huniuliza: je, bass, yule samaki mla nyama, si humla kamba? Humla. Ila bass aliletwa 1929, yaani alikuwamo ziwani miaka arobaini kabla ya kamba kufika. Kama angeweza kumzuia, tungeshajua. Kamba hukomaa kwa miezi michache tu kwenye maji ya joto. Unamla mmoja, mamia yako shimoni.

Naambiwa dakika mbili. Haya, samaki karpu: alionekana Naivasha mwaka 2001. Huchimbua matope akitafuta chakula, maji yanakuwa ya udongo, mwanga haufiki kwenye majani, na kamba alipungua sana. Msiseme karpu ni mwokozi. Ni mgeni mwingine, na hilo ni somo la siku nyingine. Konokono wa kichocho, ambao kamba huwala, nilitaka kuwazungumzia kwa kirefu. Sina muda.

Dema limefikia wapi? Mama wa safu ya tatu, nirudishie tafadhali. Kesho alfajiri linaingia majini.