Anzeni na Mfuko wa Dawa

Wakubwa zangu shikamooni, na nyinyi wanafunzi wa famasia hamjambo.

Oktoba 15 dirisha linafunguliwa, Desemba 7 linafungwa. Katika siku hizo mzee mwenye Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee hapa Marekani, anaweza kubadili bima yake ya dawa, ile Sehemu D iliyoanza kazi Januari 2006. Zikimpita, kwa kawaida anabaki na aliyo nayo mwaka mzima.

Mtakwenda kukaa na wazee hao kwenye kumbi za mitaani, kama wanavyofanya wenzenu wa University of the Pacific kule California. Basi, kabla ya kugusa kompyuta, mwombeni mzee amwage mezani kila alichobeba: vichupa, insulini, hata kile kikopo alichopewa na jirani. Msicheke, vipo.

Mzee atauliza jambo moja: kwa mwezi nalipa ngapi? Mpango wa bima usio na ada ya mwezi unavutia. Lakini tupige hesabu ya mfano. Mpango wa kwanza ada ni sifuri, ila dawa yake ya kuzuia damu kuganda haimo kwenye orodha ya bima. Ataenda kuinunua mwenyewe, tuseme dola 300 kila mwezi: 3,600 kwa mwaka. Mpango wa pili ada ni dola 40 kwa mwezi, dawa imo, naye kila mwezi anaichangia dola 47. Mwaka mzima ni dola 1,044.

Mtaniambia, si kuna kikomo cha pesa ambazo mzee hutoa mfukoni kwa dawa kila mwaka? Kipo. Mwaka 2025 kilikuwa dola 2,000, na 2026 ni dola 2,100. Lakini kinahesabu dawa zinazolipiwa na ule mpango tu. Zile 3,600 hazimsogezi hata senti moja. Hapa ndipo mnapomzidi wakala wa bima: nyinyi mnajua kama kuna dawa ya kundi hilohilo iliyomo kwenye orodha, na mnajua cha kumwuliza daktari.

Halafu kuna faini, ambayo wengi huisikia wameshachelewa. Aliyekaa miezi 24 bila bima ya dawa inayokubalika huongezewa kila mwezi asilimia 24 ya ada ya msingi ya taifa, ile serikali inayoipanga kila mwaka, na nyongeza hiyo humfuata maadamu ana bima ya dawa. Anayepata Extra Help, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, hailipi. Kwa hiyo mtalazimika kuuliza kipato. Ulizeni taratibu, na mjukuu asiwe mkalimani. Bibi hatataja umaskini wake mbele ya mtoto aliyemlea.

Mkishamwonyesha hesabu, nyamazeni. Achague mwenyewe, hata akichagua msichokipenda.

Haya, nimeleta mfuko wa mazoezi, una vichupa tisa, na viwili ni dawa moja yenye majina tofauti. Nani anaanza?