Anayeanza Wicca na Aanzie Nje ya Nyumba

Mabibi na mabwana, ndugu zangu tunaozungumza Kiswahili katika nchi hii ya ugenini, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nieleze mtu aanzie wapi anapotaka kujifunza Wicca, dini ya kisasa inayoyatukuza maumbile na ambayo wengi wa wafuasi wake hujiita wachawi, na ninafurahi kulijibu swali hilo hapa kusini mwa Uingereza, kwa sababu hapa ndipo dini hii ilipozaliwa. Historia yake mnaijua kwa kiasi cha kutosha. Mnamjua Gerald Gardner, ofisa wa forodha mstaafu aliyerudi kutoka Malaya, akadai kwamba mwaka 1939 aliingizwa katika kundi la siri karibu na msitu wa New Forest. Mnajua pia kwamba Sheria ya Uchawi ya 1735 ilifutwa mwaka 1951, na kwamba miaka mitatu baadaye Gardner alichapisha kitabu kilichoitambulisha dini yake kwa umma. Hayo sitayarudia.

Jambo langu ni moja, na wanaonifahamu wamelisikia mara nyingi: mwanagenzi asishike kisu cha ibada, wala asiwashe mshumaa, mpaka ajue jua linachomoza upande gani wa nyumba yake na mwezi una siku ngapi tangu uandame. Kila mara ninaulizwa orodha ya vitu vya kununua: kisu chenye mpini mweusi, kikombe, fimbo, sahani yenye nyota ya pembe tano, fuwele, ubani. Anayeuliza hana nia mbaya. Lakini nikimuuliza mwezi wa jana usiku ulikuwa mchanga au mpevu, hajui, na nikimuuliza mti ulio mbele ya mlango wake ni mti gani, ananyamaza. Hili linanikera na sioni sababu ya kulificha, kwa kuwa dini inayofundisha kwamba uungu umo ndani ya maumbile haiwezi kueleweka na mtu asiyeyatazama maumbile yenyewe.

Nitalieleza hili kwa mfano wa kalenda. Wafuasi wa Wicca wana sikukuu nane katika kile wanachokiita Gurudumu la Mwaka. Nne zinafuata jua moja kwa moja: siku ndefu kuliko zote, siku fupi kuliko zote, na zile mbili ambazo mchana na usiku hulingana. Nne nyingine huangukia katikati yake: Samhain mwishoni mwa Oktoba, Imbolc mwanzoni mwa Februari, Beltane Mei 1 na Lughnasadh Agosti 1. Mwanagenzi huzikariri tarehe hizo, akazibandika ukutani, akadhani amejifunza.

Chukueni hiyo Beltane. Vitabu vinasema kwamba ni siku ya kujipamba kwa maua ya hawthorn, ule mti mfupi wa miiba uliopandwa kuwa ua wa mashamba karibu nchi nzima, na ambao Waingereza wenyewe huuita kwa jina la mwezi wa Mei. Basi tokeni nje kesho, kwa kuwa tuko mwishoni mwa Aprili, mkautafute. Mtakuta majani yamekwisha kuchipua, madogo, ya kijani kibichi, yenye mipasuko mirefu pembeni, na katikati yake vishada vya vitumba vya mviringo, kila kimoja na ukubwa wa punje ya mtama, bado vimefumba. Na mkikumbuka kwamba mwezi uliopita mliona mti wa miiba uliojaa maua meupe bila jani hata moja, huo haukuwa hawthorn. Ulikuwa blackthorn, unaotanguliza maua kabla ya majani. Mtu asiyeweza kuitofautisha miti hii miwili ambayo ameipita kila siku akienda kazini hana haja ya kununua fuwele kutoka Brazili.

Kwa nini ua la Mei mara nyingi halijafunguka Mei 1? Kwa sababu mwaka 1752 Uingereza iliiacha kalenda ya Julius na kuifuata ya Gregori, siku 11 zikaondolewa, na watu waliolala Septemba 2 wakaamka Septemba 14. Tarehe zilisogezwa, lakini mti ulibaki ukilifuata jua lilelile. Mei 1 ya wazee wa kabla ya hapo ndiyo siku ambayo leo tungeiita Mei 12, na katika vijiji vya kusini ni katikati ya Mei ndipo maua haya hufurika, ingawa joto likiwahi huyafungua mapema. Ndiyo maana wako wafuasi wa Wicca ambao hawaiadhimishi Beltane mpaka wameuona mti umechanua, hata ikiwa jirani zao walimaliza sherehe wiki mbili nyuma. Mimi niko upande wao kabisa.

Na likishafunguka, lisogeleeni mlinuse. Ni ua jeupe lenye petali tano, na katikati yake mna vichwa vidogo vya rangi ya waridi ambavyo hugeuka vyeusi likizeeka. Harufu yake ni tamu, lakini chini ya utamu huo kuna uvundo wa nyama inayoanza kuoza, kwa sababu ua hili hutoa trimethilamini, kemikali ileile inayotoka katika mwili unaooza. Wanavijiji wa Uingereza walikataza lisiingizwe ndani ya nyumba, wakiamini kwamba huleta kifo. Aliyelinusa anajua imani hiyo ilitoka wapi, na anaelewa bila kufundishwa kwa nini Beltane, sikukuu ya mapenzi na uzazi, imekaa jirani na mauti. Aliyesoma kitabuni amebaki na picha ya ua zuri.

Najua kuna mtu anayetaka kunikatiza aseme kwamba sikukuu hizi nane wala si za kale. Anasema kweli. Msomi Margaret Murray alidai mwaka 1921 kwamba wale waliouawa Ulaya kwa tuhuma za uchawi walikuwa waumini wa dini ya kale iliyojificha, na Gardner akaijenga hadithi yake juu ya dai hilo. Wanahistoria wamekwisha kulibomoa, na Ronald Hutton wa Chuo Kikuu cha Bristol alieleza kwa kina mwaka 1999 jinsi dini hii ilivyoundwa katika karne ya 20. Mpangilio wa sikukuu nane ulikamilika katika miaka ya 1950, kutokana na mawazo ya Gardner na ya rafiki yake Ross Nichols wa upande wa Wadruidi, wale wanaojinasibisha na makuhani wa kale wa Uingereza, na majina kama Litha, yaani siku ndefu kuliko zote, na Mabon, yaani ulinganifu wa mchana na usiku wa Septemba, yalitiwa na Mmarekani Aidan Kelly katika miaka ya 1970. Mwanagenzi ayajue haya mapema, asije akavunjika moyo baadaye. Lakini nani aliyesema kwamba dini ni lazima iwe ya kale ndipo iwe ya kweli? Jua halikutungwa na Gardner. Ukiwa London, jua la Juni huchomoza kaskazini-mashariki na jua la Desemba huchomoza kusini-mashariki, mwendo wa karibu nyuzi 80 katika upeo wa macho. Mchana wa Juni huzidi saa 16 na nusu, na wa Desemba haufiki saa 8. Chagueni dirisha moja, na kila wiki wekeni alama mahali jua linapochomozea, juu ya paa gani, nyuma ya mti gani. Mtaona linavyopunguza mwendo kadiri Desemba inavyosonga, likawa kama limesimama, kisha likaanza kurudi. Aliyeyashuhudia hayo kutoka dirishani kwake hahitaji kuelezwa kwa nini watu huwasha moto siku iliyo fupi kuliko zote.

Hapa ndipo swali la ndugu zetu walioko nyumbani linapokuja, maana nao wanasoma na wanaandika kuuliza. Wanataka kujua kama mtu wa Dar es Salaam naye awashe moto Desemba 21 ili jua lirudi. Jua la Dar es Salaam halikuondoka. Tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi kule haifiki saa moja, na huko Nairobi ni dakika chache tu. Wafuasi wa Wicca wa Australia walikwisha kulikabili jambo hili kwa kuligeuza gurudumu, wakaweka sikukuu ya siku fupi katika mwezi wa Juni. Lakini karibu na ikweta hata kuligeuza hakusaidii, kwa sababu kinachobadilika kule ni upepo na mvua. Kaskazi na kusi, masika na vuli, hayo ndiyo magurudumu ya pwani yetu. Wazee wa pwani walikuwa na mwaka wao wa jua wa Nairuzi, uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, na watu wa Makunduchi bado wanauadhimisha kwa Mwaka Kogwa kila Julai. Simshauri mtu yeyote auite Mwaka Kogwa kuwa ni Wicca, maana ile ni mila ya Waislamu wa Makunduchi na ina wenyewe. Ninasema tu kwamba elimu ya kuusoma mwaka kwa kutazama nje hatukuletewa na Gardner.

Pande nne za mduara wa ibada, ambazo kila moja huitiwa asili moja ya maumbile, zina tatizo hilohilo. Kwa desturi ya Uingereza ardhi iko kaskazini, hewa mashariki, moto kusini na maji magharibi. Kwa mtu wa hapa hilo lina maana, kwa kuwa jua la adhuhuri liko kusini siku zote na mvua nyingi huja na upepo wa magharibi kutoka Atlantiki. Sasa msimamisheni mtu Mombasa ageukie magharibi kuyaita maji, ilhali bahari yote ya Hindi iko mgongoni mwake! Na pale Dar es Salaam jua la adhuhuri huwa kusini kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, kisha huhamia kaskazini kwa miezi iliyobaki, kwa hiyo hata upande wa moto hauna budi kufikiriwa upya. Anayesoma kitabu bila kuangalia juu hataligundua hilo maisha yake yote.

Wengine hunijibu kwamba wanaishi ghorofani katikati ya jiji na hawana msitu. Nawauliza kama wamewahi kusimama juu ya London Bridge. Mto Thames pale hupanda na kushuka hadi takribani mita 7, mara mbili kila siku, na mwendo huo unaongozwa na mwezi. Sisi tuliotoka pwani tuna nafasi nzuri kuliko Mwingereza wa kawaida, kwa kuwa tumekua tukisikia habari za bamvua na maji mafu, na tunajua kwamba maji makubwa huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na baada ya mwezi kuandama. Mikutano ya mwezi mpevu ni nguzo ya Wicca. Mwezi huo huchomoza karibu na wakati jua linapozama, na yeyote mwenye dirisha linalotazama mashariki anaweza kuungoja bila kulipa senti.

Naona saa inanikimbia, nami nimebakiwa na mengi, basi niyapitie kwa haraka.

Kuhusu hofu ya uchawi: kanuni ambayo Doreen Valiente, aliyekuwa kuhani wa kike katika kundi la Gardner, aliitamka hadharani mwaka 1964 inasema kwamba ufanye utakalo mradi usimdhuru yeyote, na hiyo ni kinyume kabisa cha kile tunachokiogopa kwetu. Hata hivyo, Kenya na Tanganyika zilitungiwa sheria za uchawi wakati wa ukoloni katika miaka ya 1920, na Usukumani na Kisii wazee wameuawa kwa tuhuma tu. Kwa hiyo mwenye ndugu kule asirushe picha za madhabahu yake ovyo. Hatari hiyo itamfika bibi yake kijijini kabla ya kumfika yeye.

Kuhusu mimea: katika nchi hii ni kosa kwa Sheria ya Wanyamapori na Mashamba ya 1981 kung'oa mmea wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi. Msile wala msichemshe chochote mlichokitambua kwa picha ya simu. Mmea wa maua uitwao foxglove husimamisha moyo, na karibu kila sehemu ya mti wa yew ni sumu.

Kuhusu muda: desturi ya makundi mengi ni mwaka na siku moja ya kujifunza kabla ya mtu kuingizwa daraja la kwanza kati ya madaraja matatu, na muda huo unatosha kuyaona mambo yote niliyoyataja yakizunguka mara moja kamili. Daftari moja na kalamu ndivyo vifaa vya mwaka huo. Anayetaka kubaki peke yake ana haki hiyo, kwani wengi leo hufanya ibada wakiwa peke yao.

Anayetaka kundi, na alichunguze. Makundi ya mapokeo ya Gardner hayatozi fedha kwa kumwingiza mtu, hayapokei walio chini ya miaka 18, na ingawa baadhi yake hufanya ibada bila nguo, hilo huelezwa mapema na mtu ana uhuru wa kukataa. Atakayewaomba fedha ya kuingizwa, au picha zenu, au siri ambayo mume au mke wako haruhusiwi hata kujua kwamba ipo, mwacheni siku hiyohiyo msirudi. Sasa nayapokea maswali, tuanze na akina mama waliokaa nyuma.