Njia ya Mkato Ni ya Nani?

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie namna ya kwenda huku na huko ndani ya mtaa uliopakana na kitovu cha jiji, uwe na gari au usiwe nalo. Mada hii huwa inaugawa ukumbi sehemu mbili, wenye magari upande huu na wasio nayo upande ule, kisha watu wanatafuta mshindi. Leo siwagawi. Katika mitaa ya namna hii watu ni walewale. Aliyekuwa dereva asubuhi ndiye jioni anavuka barabara huku amemshika mtoto mkono, na mwenye gari akishaegesha tu naye ni mwenda kwa miguu.

Ninachokuja nacho ni hoja moja, na nitaishikilia mpaka mwisho: katika mtaa wa ndani ya jiji, usiulize kwanza nani ana gari. Uliza njia ya mkato ameachiwa nani.

Mtaa kama huu una utajiri ambao mitaa ya pembezoni haina. Shule, zahanati, soko na kituo cha basi viko karibu. Mtu mzima mwenye afya hutembea kilomita 5 kwa saa hivi, yaani mita 400 ni dakika 5. Kwa baiskeli, kilomita 3 hazifiki robo saa, tena bila kutoka jasho. Safari za namna hiyo ni fupi mno kwa gari kuonyesha kasi yake. Muda wake unaishia kwenye kutoka lilipoegeshwa, kungoja taa na kutafuta pa kusimama.

Ila ukaribu huo una balaa lake, kwa sababu mtaa uko njiani. Maelfu wanaotoka pembezoni kwenda kati ya jiji wanaupita. Barabara kuu ikijaa, dereva anakata kona, anaingia mitaani kwenu, anatokea mbele ya foleni. Zamani ujanja huo waliujua madereva wa teksi na wenyeji. Siku hizi simu inamwonyesha kila mtu. Leonia, mji mdogo wa jimbo la New Jersey nchini Marekani, karibu na daraja la kuingilia New York, ulielemewa kiasi kwamba Januari 2018 ulipiga marufuku wasio wakazi kupita katika mitaa yake kama 60 saa za msongamano. Wenyeji walipewa vibandiko vya kutundika ndani ya gari. Jambo hilo likafikishwa mahakamani, na kusema kweli halikunishangaza. Kumsimamisha mtu na kumuuliza wewe ni wa wapi ni njia mbovu ya kulinda mtaa. Barabara ni ya umma. Kuna njia bora zaidi, nitaifikia.

Kwanza tuone hayo magari ya kupita yanakula nini. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtafiti wa mipango miji Donald Appleyard na mwenzake Mark Lintell walichunguza mitaa mitatu ya San Francisco iliyofanana kwa mambo mengi ila wingi wa magari. Wa kwanza ulipitwa na magari kama 2,000 kwa siku, wa pili 8,000, wa tatu 16,000. Waliwauliza wakazi: hapa mtaani una marafiki wangapi? Penye magari machache, wastani ulikuwa marafiki 3 na watu wa kufahamiana 6.3. Penye magari mengi, marafiki hawakufika hata mmoja, wastani 0.9, na wa kufahamiana 3.1. Wakaombwa wachore eneo wanaloliona kuwa ni kwao. Kwenye mtaa mtulivu watu walichora mtaa mzima, pande zote mbili. Kwenye ule wenye magari mengi, mipaka ilirudi nyuma hadi kuta za nyumba ya mtu mwenyewe.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1972. Appleyard mwenyewe alifariki mwaka 1982 jijini Athens, akigongwa na gari lililokuwa kasi.

Na kabla yake, mwaka 1963, Uingereza ilipokea ripoti ya mtaalamu wa mipango miji Colin Buchanan kuhusu magari mijini. Buchanan aliufananisha mji na nyumba: ina vyumba, na ina ukumbi mwembamba wa kupitia. Hakuna anayejenga nyumba ambayo wageni wote sharti wapite chumbani mwa mtu ndipo wafike sebuleni. Gari liweze kuingia chumbani likiwa na shughuli humo, lakini kupita liende likapitie ukumbini. Miaka zaidi ya 60 imepita na sijaona mfano unaolisema jambo hili vizuri zaidi.

Waliofanya kwa vitendo ni watu wa Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, Septemba 1977. Naomba mniangalie hapa ubaoni. Hii duara ni kitovu cha mji. Waliigawa sehemu nne, hivi. Gari liliruhusiwa kuingia sehemu yoyote kati ya hizi nne, ufike mlangoni kwako, ushushe mzigo wako. Kilichokatazwa ni hiki tu: kuvuka kwa gari kutoka sehemu hii kwenda ile ya jirani. Ukitaka kwenda huko, unatoka kwanza hadi barabara ya mzunguko, unazunguka, unaingia upya. Mwenda kwa miguu na mwenye baiskeli, wao wanakata moja kwa moja. Wafanyabiashara wengi walikasirika, wakaamini mji umefungwa. Haukufungwa. Kila mlango uliendelea kufikika kwa gari. Kilichohama ni njia ya mkato, ikatoka kwa gari ikaenda kwa mtu. Leo ukitaja miji ya baiskeli duniani, Groningen imo katika ile ya mwanzo kabisa.

Mji wa Ghent nchini Ubelgiji ulifuata mkondo huohuo Aprili 2017, kwa maeneo sita yaliyozunguka kitovu cha waenda kwa miguu. Barcelona nayo iliunganisha vitalu tisa vya majengo, vitatu kwa vitatu, kila kimoja kikiwa na upande wa mita 113 hivi, na kuyapeleka magari ya kupita pembezoni mwa hivyo tisa.

Sasa njoo kwenye kona moja tuone inavyokuwa. Mtaa wa makazi unakutana na mwingine. Katikati ya makutano, kwa mshazari, zimesimamishwa nguzo fupi tano au sita, ukubwa wa kupita kiti cha magurudumu kati ya moja na nyingine. Gari linalotoka kusini linalazimika kukata kulia, la kaskazini vilevile linakata upande wake. Hakuna barabara iliyozibwa, hakuna nyumba isiyofikika, hakuna anayeulizwa kibandiko. Yule aliyekuwa akipita kwa kasi kukwepa foleni, ramani ya simu yake haimletei tena njia hiyo, kwa sababu haimfikishi popote. Hiyo ndiyo njia bora niliyosema: umbo la mtaa lifanye kazi ambayo askari angeifanya vibaya.

Najua mtauliza kuhusu gari la wagonjwa na zimamoto. Swali la haki. Nguzo moja huwekwa ya kufunguliwa kwa ufunguo au kulala chini, au badala ya nguzo panakuwa na kamera inayomtoza faini asiyeruhusiwa, na magari ya dharura yanapita wazi. Jambo la lazima ni kukaa na watu wa zimamoto kabla ya kuchimba, sio baada. Na yupo ambaye gari kwake si anasa: mwenye ulemavu asiyeweza kufika kituoni, fundi mwenye ngazi na sanduku la vifaa, anayemhudumia mgonjwa usiku. Huyo ndiye anayefaidika na mitaa isiyojaa magari ya kupita. Atazunguka dakika mbili zaidi, lakini akifika mlangoni atapata nafasi ya kusimama.

Nafasi ya kusimama ni habari ndefu, nami nitaikata. Gari la binafsi muda mwingi sana limesimama, na likisimama linachukua kama mita za mraba 12 za ardhi iliyo ghali kuliko yote mjini. Japani ilitunga sheria tangu 1962: hulisajili gari mpaka uonyeshe mahali pa kuliweka nje ya barabara ya umma, na siku hizi pawe ndani ya kilomita 2 kutoka kwako. Tazameni mitaa myembamba ya Tokyo: inapitika, kwa sababu haikugeuzwa ghala la magari. Kwa anayehitaji gari mara chache, lipo la kuchangia. Watu wa Zürich, nchini Uswisi, walianza kumiliki magari kwa pamoja mwaka 1948.

Pale ninapotaka tukae zaidi ni ukingoni, kwenye barabara kuu yenyewe. Ukiyarudisha magari ya kupita huko, umeiongezea mzigo, na mwenye kwenda kituo cha basi lazima aivuke. Hapo ndipo mipango mingi mizuri inapovunjika. Chukua barabara yenye upana wa mita 12. Uingereza kwa muda mrefu wahandisi wamepanga taa za kuvukia wakikadiria mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, yaani sekunde 10 za kuvuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu wakazi wa England wenye miaka 65 na zaidi ulikuta wastani wa mwendo wao ni mita 0.9 kwa wanaume na 0.8 kwa wanawake. Bibi anayetembea mita 0.8 kwa sekunde, sekunde 10 zikiisha amevuka mita 8. Zimebaki 4, nazo ni zile za mbele ya magari yanayongoja kuondoka. Kumwongezea sekunde 5 ni kugeuza tarakimu kwenye kisanduku cha taa.

Badala yake, mara nyingi anajengewa daraja la juu. Nalipinga waziwazi. Daraja la juu linamwambia mwenye magoti mabovu apande ngazi ili mwenye injini asikanyage breki. Ni njia ya mkato ileile, imepewa tena asiyeihitaji. Kivuko kiwe chini, usawa wa mtaa, palepale watu wanapotaka kuvuka, na magari yapunguze mwendo. Kwenye barabara kavu, dereva anayechukua sekunde moja kutambua hatari akiwa na kilomita 30 kwa saa husimama ndani ya mita 13 hivi. Akiwa na kilomita 50, mita hizo 13 zinaisha hata mguu haujagusa breki.

Kuhusu basi nitasema kidogo. Likija kila dakika 10, anayefika kituoni bila kuangalia ratiba hungoja 5 kwa wastani. Likija kila dakika 30, ni 15, na hizo zinatosha kumfanya mtu anunue gari. Kituo kikiwa mita 300 kutoka kwako lakini ukuta mrefu unakuzungusha mita 900, hicho si kituo chako. Fungueni mlango kwenye ukuta huo kabla ya kuomba basi jipya.

Mkitaka kuanza, anzeni na daftari. Watu wawili wasimame asubuhi, mmoja mwanzo wa mtaa, mwingine mwisho wake, waandike namba za magari na saa. Namba iliyoingia saa 1:10 ikitoka upande wa pili saa 1:13, huyo hakuja kwa mtu. Zihesabuni hizo peke yake. Siku nyingine tembeeni mtaa mzima mkiwa na mzee mmoja na mtu wa kiti cha magurudumu, muandike kila mahali waliposhindwa kupita. Yawekeni yote kwenye ramani moja, kisha mpeleke halmashauri ombi la majaribio ya miezi 6 kwa masanduku makubwa ya maua yanayohamishika, sio zege. Miezi ya mwanzo huwa na kelele, kwa hiyo msikubali majaribio ya wiki mbili. Hesabuni tena mwezi wa sita, mkisimama kona zilezile na saa zilezile.

Asanteni. Maswali, karibuni.